Siku Sita Nikifuata Mchicha wa Mombasa

Siku ya kwanza, Jumatatu

Saa kumi za alfajiri nilikuwa nimeshavuka daraja la Nyali. Tuktuk ilinishusha sokoni Kongowea penye malori, na kilichonipokea kwanza kilikuwa harufu: kabeji zilizobanana usiku kucha, vitunguu vya Lushoto, ndizi za Taveta, matope, na moshi wa mkaa wa muuza chai. Tangu nikiwa mtoto wa kutumwa, nimenunua mboga kwetu Majengo nikiamini kuwa zote huja na malori haya. Mwezi uliopita mama alinirekebisha. Alitoa kijiti kimoja kwenye kitita cha mchicha, akakivunja karibu na sikio langu, akaniambia, "Huu jana ulilala shambani, haukulala kwenye lori. Sikiza unavyovunjika." Neno hilo likanikaa. Mimi ni fundi wa nguo. Nikafunika cherehani yangu kwa wiki moja nikasema nitaufuata mchicha mpaka unakotoka.

Kabeji ina subira. Hukatwa Wundanyi leo, kesho ikauzwa Kongowea, na ikapikwa Changamwe siku ya nne ikiwa ingali kabeji. Mchicha haungoji mtu. Ukikatwa jioni, alfajiri uwe sokoni, na ikigonga saa nne za asubuhi majani yameshalegea kama leso iliyorowa. Kwa hivyo lazima ulimwe karibu. Kaunti yetu ina watu zaidi ya milioni 1.2 kwa hesabu ya mwaka 2019, imebanwa na bahari na maghuba yake, nyumba zimegusana mabati, na bado humo humo kuna watu wenye majembe. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba ni jani lenyewe, kwa udhaifu wake wa kutoweza safari, ndilo lililowawekea nafasi.

Wauzaji wa majani hawakai mbele. Nyuma ya safu za nyanya nilikuta kina mama wameketi juu ya kreti, magunia yaliyoloweshwa miguuni. Mmoja wao, wa miaka hamsini na kitu, alikuwa akifunga vitita kwa kamba ya mgomba bila kuitazama mikono yake. Macho yalikuwa kwa wateja, vidole vikihesabu vyenyewe. Kucha zake zilikuwa na udongo ambao hautoki kwa sabuni moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wataka vitita vingapi?"

Nikamwambia nataka viwili, na nataka pia kuliona shamba vilikotoka. Mkono ukasita. Akaniangalia kuanzia viatu hadi buibui, kisha akaniuliza taratibu, "Wewe waja kununua ardhi?"

Nikamwapia kwamba sina hata ya kuzikiwa. Akaendelea kufunga. Baada ya wateja watatu akasema nije kesho, niteremke Utange, nichukue boda hadi Mwakirunge, na nivae viatu vya kuchafuka. Nilipokuwa nainuka akaongeza, kama aliyekumbuka, "Na ukitaka kumwona mkulima kwelikweli, nenda Mtongwe kwa shoga yangu mmoja. Yule alihama na udongo wake." Nilidhani sikusikia vizuri. Kelele za hamali zilikuwa zimezidi, nikaondoka na neno hilo bila kuuliza.

Siku ya pili, Jumanne

Mwisho wa Septemba ni wakati mgumu kwa jani. Mvua za mwaka zimeshasahaulika, manyunyu ya mchoo yameondoka, kusi inatulia, na vuli bado haijaamua. Kuanzia Utange barabara ni vumbi, mikorosho, miembe, na nyumba za matofali ambazo hazijamalizika. Malori ya taka yanapita, maana jaa la kaunti liko upande huu. Ukivuka hapo, ardhi inaanza kuteremka kuelekea mkono wa bahari wa Mtwapa, na hewa inageuka.

Shamba ni nusu eka na kidogo, limezungushiwa miti na makuti. Wako watatu. Yule mama wa Kongowea. Kaka yake mkubwa, mzee wa miaka sabini kasoro. Na mpwa wao, kijana wa ishirini na tatu, mwana wa dada yao aliyefariki. Nilihesabu matuta thelathini na moja. Mchicha ndio mwingi, ukiwa katika kila umri, tuta hili limechomoza jana na lile linakatwa leo. Kisha kunde za majani, mnavu, bamia, mabilingani, na pembeni mchunga, ule mchungu ambao watu wa mjini tumeusahau na Wagiriama hawajausahau.

Nje ya ua udongo ni mchanga mweupe wenye vipande vya matumbawe. Ndani ni mweusi. Niliuliza kama walibahatika kupata kipande kizuri. Mzee hakujibu. Alichukua jembe, akachimba shimo dogo katikati ya njia ya matuta mawili, akalisafisha ukingo kwa mkono kama mtu anayekata keki, akaniita niiname. Juu palikuwa na tabaka jeusi la kiganja na nusu, lenye nyuzinyuzi za makumbi na mizizi. Chini yake, ghafla, mchanga uleule mweupe wa nje.

"Hiki cha juu ni chetu," akasema. "Cha chini ni cha Mungu na mwenye shamba."

Miaka kumi na mmoja wamekuwa wakikitengeneza. Samadi ya mbuzi wanaifuata kwa majirani wenye mifugo, wakati mwingine kwa kubadilishana na kunde. Kinyesi cha kuku hukirundika miezi miwili kipoe, maana kibichi kinaunguza miche. Mabua ya mahindi, jivu la jikoni, maganda ya mihogo, majani yaliyobaki sokoni ambayo mama huyu huyarudisha ndani ya magunia yaleyale aliyokwenda nayo. Na makumbi ya nazi: wanachimba mtaro chini ya tuta, wanayapanga huku upande wa nyuzi ukiangalia juu, wanarudishia udongo. Makumbi hunywa maji yakayaweka, na mchanga ungeyapitisha yote yakaenda zake. Mimi nimetupa makumbi maisha yangu yote.

Alasiri mama alinifundisha kusia. Mbegu ya mchicha ni nyeusi, inang'aa, na ni ndogo kiasi kwamba gramu moja ina zaidi ya mbegu elfu moja. Ukiitupa hivihivi inaanguka kwa mafungu, miche ikabanana ikakondeana. Kwa hiyo alichukua kizibo cha soda kimoja cha mbegu, vizibo vitano vya mchanga mkavu, akavichanganya ndani ya kifuu. Kisha akapiga magoti. Vidole vitatu vikachota, kiganja kikaelekea chini, na mkono ukatikisika kidogo huku ukitembea, hauzidi shubiri moja kutoka ardhini ili upepo usiuchezee. Mchanga mweupe ulimwonyesha alikokwisha kupita. Mwisho akalipapasa tuta lote kwa kiganja kilicho wazi, bila kufukia, akalitandika nyasi kavu.

"Siku ya nne waje uone," akasema. Aliziita mbegu *wao*, kama wageni aliowaalika.

Nilimwuliza alianzaje. Alikuwa mpishi katika nyumba za watu Nyali kwa miaka kumi na tisa. "Kule nilikuwa napika mboga za watu," akaniambia. "Sasa mboga zangu zapikwa na watu." Alisema hivyo huku akinawa mikono, wala hakungoja niseme kitu.

Nililala kwao.

Siku ya tatu, Jumatano

Tuliamka saa kumi na nusu kwa ajili ya maji. Hapa ndipo nilipoelewa kilimo cha Mombasa ni kazi ya nini.

Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, safari ya zaidi ya kilomita mia mbili, na Baricho kando ya mto Sabaki. Huko pembeni yanafika kwa zamu, na zamu yenyewe haina ahadi. Kisima wanacho, walikichimba wenyewe, lakini maji yake yana chumvi. Wakati wa mvua chumvi inapungua. Septemba unaisikia ulimini. Basi wamejifunza nini kinavumilia na nini hakivumilii. Mchicha na spinachi hustahimili. Vitunguu walijaribu mara moja, ncha za majani zikaungua, wakaacha. Maharagwe hawayagusi. Miche michanga hupewa maji matamu ya bomba kwa kikombe, moja moja, na ikishakua ndipo ihamie kwenye ya kisima.

Kijana ndiye mwenye hesabu ya maji. Ana daftari la shule lenye jalada la buluu, na kila tuta lina ukurasa wake: siku ya kusia, siku ya kuchomoza, madumu mangapi, siku ya kukata, vitita vingapi, shilingi ngapi. Alinionyesha ukurasa mmoja uliopigwa mstari wa wino mwekundu. Mwaka juzi walinunua pakiti ya pilipili hoho dukani, wakaitunza miche kwa wiki nyingi, na kilichozaa kilikuwa kitu kingine kidogo, kikavu, ambacho hakuna aliyekitaka. Tangu hapo mbegu zao nyingi huzikausha wenyewe. Shina moja la mchicha lililo zuri kuliko yote kwenye tuta halikatwi. Hufungwa kitambaa chekundu, likaachwa lirefuke litoe mashuke, na anayepita hulikwepa kwa heshima.

Kijana huyu aliendesha tuktuk mwaka mmoja na nusu. Fedha ilikuwa nzuri kuliko hapa, hakunificha. Nilipomwuliza mbona alirudi, alifikiri kwa muda, akasema kwenye tuktuk siku ikiisha imeisha, haikuachii kitu cha kukiangalia asubuhi. Kisha akanipeleka kitaluni nione mabilingani yaliyochomoza usiku ule. Yalikuwa saba. Jana yalikuwa matatu.

Wadudu nitapita haraka, ingawa wao hawapiti haraka. Vidukari hujaa chini ya majani ya kunde, na viwavi hutoboa mchicha ukawa kama neti. Dawa yao ni majani ya mwarobaini yaliyotwangwa yakalazwa kwenye maji usiku mmoja, kipande cha sabuni ya mche ili dawa ishike, na pilipili kichaa. Hainyunyizwi juani. Kuna siku inashinda, kuna siku wadudu wanashinda, na hapo tuta zima hung'olewa likapewa kuku.

Jioni, mzee alikaa kwenye gogo akikata bamia. Bamia ni zake. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuzichuma. Alibeba mizigo Kilindini ujana wake wote, na mabega yake bado yamekaa kama yanangoja gunia. Anasema bamia ina siku yake: leo changa, kesho imekomaa, keshokutwa imekuwa mti. Anayepitisha siku amepoteza. Nikamwuliza, katika miaka kumi na mmoja, mbona hapana hata mnazi mmoja aliopanda? Hata mpapai haupo.

Akaweka kisu chini.

"Haturuhusiwi," akasema. "Mti ni ushahidi."

Akanieleza, na mengine nilikuwa nimeyasikia utotoni bila kuyashika. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, ukawekwa chini ya Waingereza mwaka 1895. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hatimiliki: kila mwenye ardhi alete dai lake liandikwe. Wenye karatasi na waliojua njia za ofisini wakaandikisha. Mijikenda ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, isiyo ya mtu mmoja wa kwenda kuweka sahihi, wengi wao hawakuandikwa, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya Kiingereza. Wajukuu wao ndio hawa wanaoitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Mwenye shamba hili wamemwona mara mbili. Si mtu mbaya, mzee alisisitiza. Aliwaruhusu walime vitu vya msimu. Lakini mnazi huishi zaidi ya mtu, na aliyepanda mnazi ana la kusema mbele ya hakimu.

Nilikaa kimya. Siku tatu nilikuwa nikiusifu mchicha kwa wepesi wake, wiki tatu au nne kutoka mbegu hadi sufuria, na sikuwa nimeona kwamba wepesi huo ndio unaomfaa mtu anayeweza kuambiwa ahame mwezi ujao. Wenye hati wanapanda minazi. Wasio na hati wanapanda majani, na kila kitita ninachonunua Majengo kimepandwa na mtu aliyehesabu kama atakuwepo kukivuna.

"Na udongo je?" nikauliza. "Nao si ushahidi?"

Mzee akalitazama lile shimo alilonichimbia jana, ambalo lilikuwa limeshafukiwa. "Udongo haujui kusema," akajibu, akachukua kisu chake.

Siku ya nne, Alhamisi

Kijana alikuwa na siku yake ya mapumziko, akataka kunipeleka Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji ambayo leo ni msitu wa Haller Park. Nilikwenda pale nikiwa darasa la sita. Tulionyeshwa twiga, kiboko Owen na kobe Mzee waliozoeana baada ya tsunami ya Desemba 2004, tukarudi. Kijana naye alikwenda na shule yake, lakini yeye alirudi na kitu kingine kichwani.

Alinisimamisha chini ya mivinje na kuniambia nichukue majani yaliyoanguka. Ni membamba kama sindano, makavu, magumu. "Haya hayaozi," akasema. Mwaka 1971 hapa palikuwa jangwa la mawe ya matumbawe yaliyochimbwa mpaka karibu na maji ya chini, hapana udongo hata wa kujaza kifuu, na maji yenyewe yana chumvi. Bwana shamba wa Kiswisi, René Haller, alijaribu miti aina ishirini na sita. Iliyosimama ni aina tatu tu, na uliokimbia mbele ya yote ni mvinje, kwa kuwa mizizi yake ina vifundo vinavyojitengenezea mbolea kutoka hewani. Lakini majani yake yalirundikana bila kuoza, na udongo haukupatikana. Mpaka akaonekana jongoo mwenye miguu myekundu, yule yule ambaye tukiwa watoto tulimgusa kwa kijiti ajikunje, akila yale majani na kuyatoa nyuma yakiwa laini. Wakaokotwa majongoo kwa mamia huko nje wakaletwa humu. Wao ndio waliotengeneza udongo wa msitu mzima.

Kijana alipiga magoti akafukua. Sentimita chache za udongo mweusi, kisha jiwe. Sawa na shimo la mjomba wake, ila hapa chini ni mwamba.

"Mwalimu alituambia miti ndiyo iliyookoa mahali hapa," akasema. "Mimi nikamwona huyu." Jongoo alikuwa akipita juu ya kiatu chake, naye hakusogeza mguu mpaka alipomaliza. Aliporudi nyumbani mwaka ule aliokota majongoo tisa kwenye kopo la maziwa, akayaachia chini ya rundo la takataka za shamba. Mama yake mdogo alidhani ni utoto. Rundo likaoza haraka kuliko mengine, na tangu siku hiyo hakuna anayeua jongoo pale Mwakirunge.

Tuliagana kwenye kituo cha Bamburi. Alinipa mchicha kitita kimoja, akakataa pesa.

Siku ya tano, Ijumaa

Sikwenda popote. Mama alipika mchicha ule kwa nazi: vitunguu, nyanya moja, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, tui jepesi kwanza, majani yakaingia na kutoka kabla hayajapoteza rangi, halafu tui zito na moto ukazimwa. Tukala na wali baada ya swala. Nilimsimulia yote. Aliposikia habari za mti kuwa ushahidi, alisema baba yake alikuwa na shamba Kisauni lenye minazi, likauzwa kidogo kidogo kila palipotokea harusi au ugonjwa, na hivi sasa hajui hata kisima kilikuwa wapi. Kisha akauliza kama yule mama huacha shina la mbegu. Nikamwambia ndiyo, hulifunga kitambaa chekundu. Akaitikia kwa kichwa, akaniongezea mchuzi.

Siku ya sita, Jumamosi

Feri ya Likoni, watu bega kwa bega, baiskeli, mikokoteni ya mahamali, mama mwenye kuku wawili. Dakika chache za upepo na tuko ng'ambo. Matatu ya Mtongwe ilinishusha kwenye mbuyu nilioelekezwa, na mtoto akanipeleka.

Bibi huyu ana miaka sitini na minane, mfupi, amejifunga leso kiunoni kwa fundo la kazi. Nilimpa salamu za shoga yake wa Kongowea, akacheka kwa sauti kubwa, akanivuta mkono moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba ya mkwewe kabla sijapewa hata maji.

Alikuwa na kipande upande wa Shika Adabu miaka kumi na minne, alichokodishiwa kwa maneno ya mdomo na mzee mmoja. Mzee akafa. Watoto wake wakauza. Mnunuzi akampa mwezi mmoja, na siku ile ile mashine ikaja kupima. Bibi hakugombana. Alivuna kilichokuwa tayari, akagawa kisichokuwa tayari, kisha akaazima magunia kwa kila jirani anayemjua.

"Nikabandua," akaniambia, akinionyesha kwa kiganja kilicholala: juu juu tu, kile cheusi. Alibandua tuta baada ya tuta kwa jembe la shingo fupi, mjukuu wake akishika mdomo wa gunia. Magunia sitini na sita. Mwenye mkokoteni alibeba sita kwa safari moja. Safari kumi na moja, siku nne. Wapita njia walidhani amebeba mkaa. Aliyegundua ni udongo alimwuliza kama ni wa dawa. Yule mnunuzi alikuja siku ya mwisho, akakuta shamba limekuwa jeupe kama ufuo, akauliza amefanya nini. Bibi akamwambia: "Ardhi nakuachia. Hiki si ardhi, hiki ni kazi yangu."

Hapa nyuma ya nyumba pana hatua kumi na tano kwa ishirini. Matuta yamepangwa yagusane, njia ni ya mguu mmoja. Mwangani umeshika. Mnavu umeanza maua. Mtoriro aliuleta kwa vipande vya shina alivyovifunga kwenye kitambaa kibichi, na umeshatambaa hadi ukutani. Aliniambia mwezi wa kwanza majani yalikuwa na unyonge, kama watoto waliohamishwa shule, lakini hayakufa, na jana ameuza vitita ishirini kwa majirani tu bila kufika sokoni. Nilimwuliza kama hapa atakaa. Nyumba ni ya mkwe, akasema, na mkwe ni mtu mzuri, na kiwanja si chake. Magunia yale sitini na sita hajayarudisha kwa wenyewe. Aliyafua, akayakunja, yako juu ya dari.

Moja tu lilikuwa bado limejaa, limeegemezwa kivulini chini ya mwembe wa jirani. Alikuwa ameliweka kwa ajili ya tuta la mwisho, la kunde, akingoja mtu wa kumsaidia kuinua. Nilivua viatu. Yeye akashika masikio ya gunia, mimi nikashika kitako, tukaliburuta hadi kwenye mtaro ambao ameshaupanga makumbi, tukalipindua. Udongo ukatoka ukiwa baridi, umeshikamana, una harufu ya mvua ingawa mvua haijanyesha. Bibi akapiga magoti kuutandaza, mimi nikafuata upande wa pili nikimwigiza kiganja chake. Katikati ya fungu palikuwa na duara moja dogo jeusi, limejikunja. Nilitaka kulitoa nikidhani ni kokoto.

"Mwache," akasema bibi.

Tukasimamisha mikono. Jongoo akakaa vile kwa muda, kisha akajikunjua, miguu yake myekundu ikaanza kutembea, akavuka tuta jipya akielekea kwenye makumbi.